Kabla Hujasugua Hiyo Alama Chini ya Kikombe

Leo hakuna vidio. Hili jambo nimejaribu kulisema kwa sekunde sitini mara tatu na limekataa, kwa hivyo leo mtasoma.

Mmeona vile vikombe vya bati vimerudi. Vile vyeupe vyenye ukingo wa bluu au mweusi, vile tulinywea uji tukiwa nasari, halafu tukavionea aibu tulipofika sekondari. Sasa mkahawa wa Nairobi unakuletea chai ndani yake, na bei ya hiyo chai inanunua pakiti mbili za unga. Watu wanavipiga picha juu ya meza ya mbao. Na kwa sababu akaunti yangu inajulikana kwa vitu vizee, kila wiki inboksi yangu inajaa maneno yaleyale: "Buda, si wewe uko Olenguruone? Nitafutie vikombe vya mashosho, vile vizee kabisa. Nitakutumia doh."

Kwa wageni: ndiyo, niko Olenguruone, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru. Ukitoka Molo unapita Keringet, unaendelea mpaka baridi inakuingia kwa mifupa na majani chai yamejaa kila upande. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kabisa, nikarudi nyumbani na begi, simu na muda mwingi. Muda ndio ulinifanya nianze kuangalia vyombo vya jikoni kama vitu vya kuangaliwa. Leo nina vyombo sitini na kitu: vikombe, sahani, mabakuli yenye vifuniko, birika mbili na beseni moja kubwa lenye samaki wa rangi ya machungwa ambalo silipeani hata ukilia.

Maoni yangu ni haya. Chombo cha bati cha miaka ya hamsini na sitini kilichotoka boma ya huku ni sanaa, na kina sahihi kama sanaa nyingine yoyote. Tatizo ni kwamba hiyo sahihi haiko mahali mnapoitafuta. Mkishanunua, mnaisugua mpaka iishe.

Nitaeleza, lakini kwanza tujue tunashika nini.

Tunaita bati, na wengi wanadhani ni chuma kilichopakwa rangi nyeupe. Si rangi. Ni kioo. Chuma chembamba kinapigwa na mashine mpaka kipate umbo la kikombe, kinasafishwa mafuta yote, halafu kinachovywa kwa uji wa kioo kilichosagwa laini sana na kuchanganywa na maji na udongo. Ukikauka, kikombe kinaingia kwa tanuru lenye joto la nyuzi kama 800. Kioo kinayeyuka na kushika chuma, na kikipoa hivyo viwili vimekuwa kitu kimoja. Safu ya kwanza huwa nyeusi au bluu nzito, maana mara nyingi ina kobalti, ambayo inasaidia kioo kung'ang'ania chuma. Juu yake inakuja safu nyeupe, na kikombe kinarudi motoni. Kama kuna maua, kinarudi tena.

Ndiyo maana kikombe kikianguka na kubanduka, unaona doa jeusi katikati, na weupe pembeni yake umevunjika kama ganda la yai. Huo weusi si uchafu. Ni ile safu ya kwanza, na ikiondoka pia, hewa inafikia chuma na kutu inaanza.

Maua nayo yana siri yake. Mengine yalibandikwa kwa karatasi ya kuhamisha picha, kama zile stika za kulowesha maji. Hayo yanafanana kabisa kutoka kikombe hadi kikombe. Mengine fundi aliweka kifuniko kilichokatwa umbo la ua, akapuliza rangi juu yake kwa bomba la hewa. Ua la kupulizwa linafifia polepole kwenye kingo, na mara nyingine limekaa upande, au jani limepanda juu ya petali. Ukiona hivyo, tulia kidogo. Hapo kuna mkono wa mtu. Kuna msichana au mzee fulani aliyekaa kwa benchi ya kiwanda akipuliza maua mia kwa mia, na hili moja likamponyoka.

Sasa pindua kikombe. Chini ndiko stori iko.

Ukikuta muhuri wa "Empire Made", kuna uwezekano mkubwa umeshika kitu cha Hong Kong ya wakati wa Waingereza. Miaka ya 1950 viwanda vya Hong Kong vilikuwa vinatuma vyombo hivi Afrika kwa wingi. Ukikuta "Made in Czechoslovakia", unajua kilitoka kabla ya 1993, kwa sababu hiyo nchi iligawanyika mara mbili mwaka ulipoanza. "Made in West Germany" inakuweka kati ya 1949 na 1990. Muhuri haukupi mwaka kamili, unakupa mipaka. Ukitaka kujua kama ni chuma chenye kioo au ni aluminiamu iliyopakwa rangi, weka sumaku. Aluminiamu haishiki.

Na kitu kimoja cha afya kabla hujaniandikia: kikombe kizee kilichobanduka kwa ndani ni cha kuweka kwa rafu, si cha kunywea. Rangi za zamani, hasa nyekundu, ya machungwa na ya manjano, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ambayo huyataki tumboni. Usikamulie limau humo ati kwa sababu picha itatoka poa.

Haya, turudi kwa sahihi.

Wakati vikombe hivi vinatengenezwa kwa maelfu viwandani, kuna watu walikuwa wanatumia kioo kilekile na moto uleule kufanya sanaa ya majina. Mji wa Cleveland kule Marekani ulikuwa moyo wa hii kazi. Mwalimu mmoja, Kenneth Bates, alifundisha huko kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 1951 akatoa kitabu cha kufundisha ufundi huu ambacho watu walikisoma kama kitabu cha mapishi. Mwenzake Edward Winter alifanya kitu ambacho mimi napenda sana: alipata kutumia matanuru makubwa ya kampuni ya Ferro Enamel, yale ya viwandani, kuchomea kazi zake kubwa za ukutani. Yaani msanii na kiwanda moto mmoja. June Schwarcz alianza mwaka 1954, na kitabu cha Bates kilikuwa mmoja wa walimu wake. Alifanya kazi mpaka uzeeni, akafariki 2015. Bakuli zake nyingi haziwezi kushika hata maji. Zilitengenezwa zitazamwe.

Huko Norway kulikuwa na Grete Prytz Kittelsen, aliyechorea kiwanda cha Cathrineholm maumbo ya bakuli na sufuria ambayo wakusanyaji wanagombania mpaka leo. Mapambo yanayojulikana zaidi kwenye vyombo vya Cathrineholm ni yale majani yaliyosimama kwa mstari, wanayaita Lotus. Watu wengi wanampa Grete sifa ya hayo majani. Kumbe maumbo ndiyo yake. Majani yalichorwa na Arne Clausen. Unaona? Hata mahali majina yaliandikwa, bado jina la mtu linapotea kama hakuna anayefuatilia.

Kwa nini bakuli ya msanii wa Cleveland inawekwa makumbusho na sahani ya kogo inafunika ndoo ya maji? Ufundi ni sababu moja, sikatai. Lakini kuna sababu nyingine. Wakusanyaji wawili wa Los Angeles, Bernard Jazzar na Harold Nelson, walikusanya kazi za hao wasanii wakati wengi wao walikuwa karibu kusahaulika, wakafungua taasisi mwaka 2007. Hawakununua tu. Waliandika vitabu: nani alitengeneza nini, alisomea wapi, aliishi wapi. Bakuli ikiwa na hiyo stori nyuma yake si bakuli tena, ni ushahidi wa maisha ya mtu.

Na usiniambie kukusanya ni mambo ya wazungu. Nyumba za zamani za mawe za Lamu zina zidaka, vile vishimo vilivyopambwa ukutani, na humo ndimo watu walipanga vyombo vya kauri kutoka mbali ili mgeni avione. Mambrui, karibu na Malindi, kuna kaburi la nguzo ambalo lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Harar kule Ethiopia ukuta wa sebule unajaa vikapu, sahani na mabakuli ya rangi kutoka juu mpaka chini, na mengi ni haya haya ya bati. Na wewe mwenyewe umekulia nyumba yenye kabati ya kioo ambayo haifunguliwi mpaka mgeni wa maana aje. Mamako ni mkusanyaji. Hakuitwa hivyo tu.

Sasa ile sahihi.

Kikombe cha kiwandani hakina jina la fundi na hakitakuwa nalo kamwe. Yule aliyepuliza ua hatumjui. Lakini ukipindua vikombe vya mashosho wa huku, kando ya muhuri wa kiwanda utakuta kitu kingine: doti mbili za rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango. Mstari wa rangi ya kucha. Herufi zilizotobolewa kwa msumari, zimepinda, na kutu imezijaza zikasomeka vizuri zaidi. Wengine waliweka waya kwa mkono wa kikombe.

Kila mtu aliyekulia reserve anajua hiyo ni nini. Kukiwa na harusi, matanga, au harambee ya shule, hakuna boma moja yenye vikombe mia mbili. Vinaazimwa. Wamama wanakuja na vya kwao kwa beseni, vinaoshwa pamoja, vinachanganyika, na jioni kila mama anapindua kimoja kimoja akitafuta alama yake. Hiyo alama inasema hiki ni changu, na pia inasema nilikuja. Nilikuwa kwa hayo matanga. Nilileta vikombe kumi, nikarudi na tisa, na najua mahali cha kumi kilienda.

Kwa hivyo kikombe kimoja chenye maua ya Hong Kong na doti mbili za bluu kina mikono miwili. Mmoja ulikitengeneza na hautajulikana. Mwingine ulikitumia, na mwenyewe bado anaweza kuulizwa leo, kama bado yuko hai. Halafu msee ananunua, anakisugua kwa steelwool na asidi ya choo mpaka kinang'aa, anatuma picha na kuandika "sasa kiko safi". Manze. Umefuta jina la pekee lililokuwa hapo.

Kwa nini hili linaniuma zaidi kwa sababu niko Olenguruone na si mahali pengine? Kwa sababu hii ni sehemu ambayo watu wamefunga vyombo mara nyingi sana.

Wale mliosoma historia mnajua. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuleta hapa Wakikuyu waliokuwa wametolewa kwingine, baadhi yao kutoka nchi ya Wamaasai. Serikali ikawaambia nyinyi ni wapangaji, mtalima tutakavyosema. Wao wakasema hapana, hii ni fidia ya ardhi tuliyonyang'anywa. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, na wanahistoria kama Tabitha Kanogo wameonyesha jinsi hicho kiapo cha Olenguruone kilivyokuwa moja ya mizizi ya Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, huko Ukambani kwenye jua kali. Baadaye ardhi hii ikapewa wengine, Wakipsigis, na mimi ni mjukuu wa hao. Miaka ikapita, Wakikuyu wengine wakanunua mashamba hapa, watu wakawa majirani, wakaazimana vikombe. Halafu 1992. Halafu tena baada ya uchaguzi wa 2007.

Sitaandika hapa nani alimfanyia nani nini. Kila boma ina orodha yake, na si kazi ya post moja kuzisoma zote. Mimi nazungumzia vyombo.

Mtu akihama kwa haraka habebi glasi. Anabeba kile kisichovunjika. Na nyumba ya mbao ikiungua, asubuhi ukichakura majivu unajua ni nini kitabaki. Aluminiamu huyeyuka ikifika nyuzi 660. Nimeona sufuria iliyokuwa imelala chini kama uji uliomwagika. Lakini chombo cha bati kilizaliwa kwa moto wa nyuzi 800. Moto wa nyumba kinaufahamu.

Nina sahani moja iliyotoka kwa majivu. Niliinunua kwa mzee mmoja ambaye alikuwa anaitumia kuwekea kuku maji. Kioo chake kililainika kidogo kwa ule moto, kikapasuka mistari midogomidogo kama ardhi ya kiangazi, na kipande cha mkaa kimezama ndani ya ua la waridi, kikaganda hapo. Huwezi kukitoa bila kuvunja ua. Nikamuuliza mzee moto ulikuwa wa mwaka gani. Akaniambia mwaka. Nikamuuliza nyumba ilikuwa ya nani. Akanyamaza, akaangalia kuku wake, halafu akasema, "Ya mtu aliyekuwa akiniazima panga." Niliandika hilo jibu kwa daftari kama alivyolisema. Msanii wa studio anaweza kukaa mwaka mzima akitafuta hiyo rangi na hiyo mipasuko, na hataipata, kwa sababu haikutafutwa.

Sasa niwaambie kuhusu vikombe ambavyo hamtaviona kwa akaunti yangu.

Mwaka jana mkahawa mmoja wa Nairobi uliniomba seti kamili, vikombe vya kufanana vya miaka ya sitini. Bei waliyotaja ingeninunulia simu yenye kamera ya maana, ile ninayowaimbia kila siku. Na mimi nilikuwa najua seti moja tu hapa ambayo imekamilika. Iko kwa Kogo, mama ya baba, kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa. Haijawahi kutolewa hata Krismasi. Nikafikiri labda ameisahau.

Nikaenda nikakaa naye jikoni. Akanipa chai, tukaongea habari ya ng'ombe na mvua. Kisha nikamwambia, "Kogo, vile vikombe vya kwa sanduku, kuna watu wanavitaka. Watalipa pesa nzuri, zote zitakuwa zako."

Akauliza, "Vipi?"

"Vile vya maua."

Akaongeza kuni kwanza. "Hivyo si vyangu," akasema.

"Ni vya nani?"

"Vya jirani. Alikuja usiku. Lori lilikuwa limejaa, wakamwambia vyombo havitaingia. Akaniambia, niwekee. Nikamwambia nitakuwekea."

"Hiyo ilikuwa 1992, Kogo."

"Kwani mimi nimesema ilikuwa jana?"

Nikamwuliza kama huyo jirani bado yuko hai. Akasema hajui. Alisikia walienda upande wa Nyandarua, halafu hakusikia tena. Nikamwambia polepole kwamba labda hatarudi. Kogo akaniangalia vile mtu mzima anamwangalia mtoto anayeuliza kwa nini tunalipa deni kama mwenye deni hajadai. "Mjukuu wangu," akasema, "kuna kuwa na kitu, na kuna kuwekewa kitu. Mimi nimewekewa."

Nikawaandikia wa mkahawa kwamba sina. Simu bado ni hii hii iliyopasuka kioo.

Kogo alinikubalia kitu kimoja: nitafute. Kwa hivyo natafuta. Lakini tazameni jinsi ninavyotafuta, kwa sababu hapo ndipo ile alama inafanya kazi. Sitawaambia ni vikombe vingapi. Sitawaambia maua ni ya rangi gani. Na sitawaambia kamwe kilichowekwa chini ya kila kimoja, iwe ni rangi, ni herufi au ni waya. Mwenyewe anakijua. Watoto wake wanakijua, kwa sababu waliosha hivyo vikombe. Siku mtu atakaponiandikia na kusema "vilikuwa hivi, na chini mama aliweka hivi", nitampigia Kogo simu palepale. Muhuri wa kiwanda hauwezi kunisaidia kwa hilo, kila kikombe cha hiyo bechi kinao. Kile kinachoweza kurudisha vikombe kwao ni ile alama mbaya mbaya ya jikoni ambayo nyinyi mnasugua.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia shosho anahitaji pesa, na kikombe kinakaa tu. Ni kweli. Mimi si polisi wa vikombe. Nauza pia, ndivyo ninavyolipa bando. Kuna mama alinipigia simu mwenyewe nikachukue sahani kumi na mbili kwa sababu anataka za plastiki, hizi zinapigia kelele watoto wakiosha, na aliona nimechelewa. Kitu ni chake na hata kukichoka ni haki yake. Wala sisemi kila kikombe kina msiba ndani. Vingi vina uji tu.

Ninachosema ni kwamba ukinunua, nunua na stori yake. Mimi nafanya hivi, na wewe unaweza kuiga bila kunilipa.

Kwanza, nauliza kabla sijataja bei: ulikipata wapi, kabla yako kilikuwa cha nani, hii alama ni ya nini? Naandika kwa daftari, si kwa simu, kwa sababu mzee akiona simu anaanza kuongea kama redio. Akisema ni cha kuwekewa, mazungumzo ya bei yanaishia hapo.

Pili, namwonyesha bei. Namwonyesha kwa simu vile vinauzwa Nairobi, halafu tunaelewana, yeye akijua. Kumpa mtu shilingi hamsini kwa kitu utakachouza elfu mbili kwa sababu hana intaneti si biashara.

Tatu, naosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Sisugui kwa steelwool, situmii asidi. Kutu nikiikuta naikausha vizuri, nampaka mafuta kidogo ya kupikia, basi. Alama inabaki. Ukitaka kikombe kisicho na alama, viwanda bado vinatengeneza vipya, nenda supamaketi.

Nne, napiga picha ya chombo na mwenye chombo akikubali, na naichapisha kwa karatasi narudisha kwake. Wengi wameiweka kwa ile kabati ya kioo, mahali kikombe kilikuwa.

Tano, vyenye maswali siuzi. Ile sahani ya mkaa haiuzwi. Siku moja nataka makumbusho ya hapa Nakuru yawe na rafu moja tu ya vyombo vya jikoni vya huku, kando ya mawe ya Hyrax Hill, na kila chombo kiwe na kijikaratasi: kilitoka wapi, kilibebwa na nani, kiliazimwa matanga gani. Mpaka hapo, rafu ni kitanda changu na kijikaratasi ni daftari la shule la kurasa 96.

Kazi ya wiki hii ni rahisi. Ukienda nyumbani, au kama shosho ako yuko kwa simu tu, mwambie apindue kikombe chake kizee kuliko vyote akuambie kuna nini chini. Usimwambie ni cha nini. Mwache aongee. Andika. Na kama kwenu kuna familia iliyotoka pande za Olenguruone, Molo au Keringet, na kuna mama anayekumbuka vikombe alivyoacha kwa jirani usiku fulani, niandikie inboksi, si hapa hadharani. Nitauliza swali moja tu.